Kwani Hii Kahawa Hulipa Nani?

Kabla nianze hii kazi ya kuongea na nyinyi, nilikuwa barista kwa kafe moja hapa Nairobi. Kapuchino moja tuliuza shilingi 350. Wikendi moja nikapanda matatu kwenda Murang'a kumwona shosho, nikamkuta nje ya nyumba ameshika karatasi ya malipo kutoka kiwandani. Msimu huo walikuwa wamelipwa shilingi 80 kwa kilo ya cheri, yaani yale matunda mekundu yanayochumwa kwa mti. Alikuwa amengoja hizo pesa miezi saba.

Akaniuliza, "Na huko mjini kikombe mnauza pesa ngapi?"

Nilimdanganya. Nilisema mia.

"Mia!" akashtuka. "Basi nyinyi ndio mnakula."

Usiku huo sikulala vizuri. Nikatoa simu, nikaanza hesabu. Kupata kilo moja ya kahawa mbichi, ile iliyotolewa maganda na kukaushwa, unahitaji kama kilo saba za cheri. Hapo shosho amepata 560. Ukiikaanga inapungua uzito, unabaki na kama gramu 850. Kikombe kimoja kwetu kilitumia gramu 18. Hiyo ni vikombe 47. Mara 350, ni shilingi 16,450. Kwa hivyo katika kila kikombe cha 350, shosho alipata kama shilingi 12.

Najua wengine mshaanza kuandika komenti. "Lakini kuna kodi ya nyumba, kuna maziwa, kuna stima, kuna mshahara wako." Ni kweli kabisa, na hapo ndipo nataka tukae kidogo. Hizo shilingi 338 zingine hazikupotea hewani. Zilimlipa mwenye jengo, mfugaji wa Githunguri, fundi wa mashine, serikali, mwenye kafe, na mimi. Sisi wote tulikula kwa sababu kikombe kilikuwa hapa.

Sasa shida ni hii: kahawa nyingi ya Kenya hainywewi hapa. Inafungwa kwa magunia ikiwa mbichi, inapita Mombasa, inaenda zake. Kwa hivyo nyingi ya zile 338 pia zinaenda zake. Zinalipa mwenye jengo wa Hamburg, mfugaji wa huko, barista wa huko, na mtoza ushuru wa huko. Sisi tunabaki na zile 12 za shosho, na kidogo kinachochukuliwa na sosaiti, kiwanda na broka.

Hiyo ndiyo nadharia ya utegemezi kwa lugha ya kafe. Kuna watu waliiandika vitabu kabla wazazi wetu wazaliwe, na nadhani kila mtu chini ya miaka 30 Kenya anafaa kuijua, pamoja na pale inapokosea.

Ilianzia wapi

Mwaka wa 1949, mwanauchumi wa Argentina anayeitwa Raúl Prebisch aliandika ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Santiago, Chile. Shuleni wachumi walikuwa wakifundisha kwamba kila nchi iuze kile inachojua zaidi, na mwishowe wote watafaidika. Wewe uza ngano, mimi nitauza matrekta, tutakutana mbele. Prebisch alikuwa ameongoza benki kuu ya Argentina na kushuhudia bei za mazao zikianguka miaka ya 1930, na aliona mambo hayaendi hivyo. Mwaka wa 1950 Hans Singer, mchumi mwingine wa Umoja wa Mataifa, akafika mahali hapo hapo kwa njia yake.

Walichosema ni hivi: kadiri miaka inavyosonga, bei ya malighafi huelekea kushuka ukiilinganisha na bei ya vitu vya kiwandani. Mbona? Sababu ya kwanza, mtu akitajirika hanywi kahawa mara kumi zaidi. Tumbo ni lile lile. Lakini atabadilisha gari, friji na simu. Sababu ya pili, kiwanda cha nchi tajiri kikigundua njia ya kuzalisha haraka, faida inabaki pale kama mshahara mzuri na faida ya kampuni. Wakulima wadogo mamilioni wakizalisha zaidi, hawana nguvu ya kushikilia bei, kwa hivyo inaanguka na anayefurahia ni mnunuzi.

Prebisch aliita upande mmoja kitovu na mwingine pembezoni. Baadaye wakaja wakali zaidi. Andre Gunder Frank, mwaka wa 1966, alisema umaskini wa pembezoni si hali ya asili inayongoja maendeleo yafike. Ulitengenezwa, na ulitengenezwa na mfumo ule ule uliotajirisha kitovu. Na mwaka wa 1972, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoka Guyana, Walter Rodney, akatoa kitabu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Hapa jirani tu, si mbali.

Hapa kwetu ilijengwa vipi

Angalia ramani ya reli ya zamani. Ilianza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu 1901. Haikujengwa ili mtu wa Murang'a afanye biashara na mtu wa Kitui. Ilielekea bandarini. Na kwa sababu ilikuwa imegharimu pesa nyingi, walowezi wakaletwa na kupewa ardhi ili mizigo yao iilipie. Nani atafanya kazi kwa hayo mashamba? Kodi ya nyumba ikawekwa, ilipwe kwa pesa taslimu, na njia rahisi ya kupata pesa taslimu ikawa kwenda kumfanyia mzungu kibarua.

Na kahawa yenyewe? Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kuipanda. Majaribio ya kwanza yaliruhusiwa miaka ya 1930 kule Meru, Embu na Kisii, na mlango ukafunguliwa kweli baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimewaka. Babu na nyanya zetu walipoipata kahawa, waliipokea kama ushindi. Shosho ananiambia mibuni ya kwanza kwao ilikuwa heshima. Lakini walipewa shamba. Kukaanga, kufunga, kuweka jina kwa pakiti na kuuza kwa duka kulibaki mahali kulikokuwa.

Miaka 60 na zaidi baada ya uhuru, ni nini kimebadilika? Ujerumani haina hata mti mmoja wa kahawa wa biashara, lakini ni kati ya nchi zinazouza nje kahawa iliyokaangwa kwa wingi zaidi duniani. Uswisi, nchi ya chokoleti na jibini, inapata pesa nyingi zaidi kwa kuuza kahawa nje kuliko chokoleti na jibini. Kahawa, bana. Uswisi kuna theluji!

Bei hupangwa na nani

Shosho hajui bei ya kahawa yake siku anayoichuma. Hata kiwanda hakijui. Mnada uko Nairobi, lakini macho ya wanunuzi yako kwa soko la New York, ambako arabika ya dunia nzima hupewa bei. Ukame ukipiga Brazili, tunapata. Brazili ikivuna vizuri, tunalia. Februari 2025 bei ya New York ilivunja rekodi na kupita dola 4 kwa ratili, na wakulima wengi hapa wakaona malipo ambayo hawakuwa wameyaona maishani. Nilifurahi sana. Lakini hayo ni mvua ya wengine. Hatukuamua kitu.

Kuna wakati nchi zinazolima zilikuwa na sauti kidogo. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962 uliweka kiwango cha kahawa ambacho kila nchi ingeuza nje, ili bei isianguke. Wanunuzi wakubwa waliukubali, na wengi wanasema Marekani ilifanya hivyo kwa sababu iliogopa ukomunisti uingie mashambani Amerika ya Kusini. Julai 1989 viwango hivyo vikavunjika, na hapo hapo bei ikaanguka vibaya sana. Kenya ilikuwa imefika karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88. Miaka ya karibuni tumekuwa tukizunguka tani 50,000 hivi. Shosho aling'oa nusu ya mibuni yake akapanda nepia ya ng'ombe. Kule Kiambu mashamba mengine sahii ni maploti.

Ukijaribu kupanda ngazi

"Si basi tukaange wenyewe?" Ndio! Lakini sikiza. Kahawa mbichi ikihifadhiwa vizuri hukaa miezi mingi. Iliyokaangwa huanza kupoteza ladha baada ya wiki chache, kwa hivyo inataka kukaangwa karibu na mnywaji. Kampuni kubwa huchanganya kahawa ya nchi nyingi, ili yako ikipanda bei wakutoe kwa mchanganyiko bila mteja kujua. Na rafu ya supamaketi ya Ulaya hupewi kwa sababu kahawa yako ni tamu. Inataka jina linalojulikana na mtaji wa kulitangaza miaka na miaka. Kwa baadhi ya nchi kuna pia ushuru: kahawa mbichi huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru, iliyokaangwa hulipishwa. Kenya haitozwi huo ushuru, na bado tunauza mbichi. Hiyo inakuonyesha ukuta mkubwa si karatasi ya forodha.

Na mara nyingine ukuta ni siasa kabisa. Mwaka wa 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba polepole, ili viwanda vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao. Marekani ikasema itaangalia upya kama tunastahili kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma haraka. Rwanda ikakataa, na mwaka wa 2018 nguo zake zikaondolewa kwa hiyo nafasi ya bila ushuru.

Mimi huvaa mitumba. Nyingi ya nguo mnazoniona nazo kwa video ni za Gikomba, na najua familia ambazo zimesomesha watoto na bei ya "mia mia, chagua". Kwa hivyo sisemi tuichome. Nasema tu uone jinsi mambo yalivyokaa: nguo ambayo mtu wa huko ameichoka ilikuwa na watetezi wenye nguvu kuliko kiwanda ambacho sisi hatujakijenga bado.

Halafu kuna deni. Februari 2024 serikali yetu ilikopa dola bilioni 1.5 kwa soko la kimataifa, kwa riba ya asilimia 9.75, ili ipate kulipa deni la dola bilioni 2 la mwaka wa 2014 lililokuwa linaiva Juni. Wakati huo Ujerumani ilikuwa inakopa miaka kumi kwa chini ya asilimia 3. Deni la dola halilipwi na shilingi za kuchapisha. Linataka dola, na dola tunapata kwa chai, maua, kahawa, watalii na ndugu zetu walio ng'ambo. Kwa hivyo tunauza zaidi kile kile cha bei ya chini ili tulipe tulichokopa kwa bei ya juu. Pengo lililobaki lilitakiwa kujazwa na nini? Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Mnakumbuka tarehe 25 Juni. Wengine wetu tulikuwa barabarani, na kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Nadharia ya utegemezi si mambo ya darasani tu.

Sasa, pale inapoteleza

Ningekuwa mwongo nikikomea hapa. Kuna mtu ataniambia Korea Kusini, na ana haki.

Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, ikapigana vita vya kuimaliza, na miaka ya 1960 ilikuwa maskini. Kama kushikana na kitovu pekee kunadumaza, ingekuwa bado inauza mchele. Badala yake serikali ilielekeza mikopo kwa viwanda, ikavilinda, kisha ikavilazimisha viuze nje, na aliyeshindwa kuuza hakuongezewa. Walipotaka kiwanda cha chuma, Benki ya Dunia haikuona faida. Wakachukua fedha za fidia kutoka Japani, wakakijenga Pohang, na mwaka wa 1973 kikaanza kutoa chuma. Pia walikuwa wamegawa ardhi upya, na Marekani iliwapa misaada mingi kwa sababu ya Vita Baridi. Hawakuwa malaika, kulikuwa na udikteta mkali. Lakini walipanda ngazi.

Kwa hivyo mfumo unaweka ukuta, lakini hausemi kila mtu atafanya nini mbele ya huo ukuta. Wanadharia wenyewe waliliona hilo. Fernando Henrique Cardoso wa Brazili, ambaye baadaye alikuwa rais, na mwenzake Enzo Faletto walisema angalia pia ndani ya nchi: nani anashirikiana na nani wa nje, na anapata nini? Colin Leys alipoandika kitabu kuhusu Kenya mwaka wa 1975 alieleza tabaka la wenyeji waliokuwa wakila vizuri ndani ya mfumo uliobaki baada ya mkoloni. Miaka michache baadaye alibadilisha sehemu ya mawazo yake, akisema alikuwa amewadharau mabepari wa Kenya. Sawa. Lakini swali lake la kwanza bado linaniuma.

Kwa sababu New York haikumchelewesha shosho miezi saba. Waliochelewesha ni watu wa huku huku, wanaoongea Kiswahili na Kikuyu kama yeye. Hamburg haikuchagua kamati ya sosaiti. Mtu akikuuzia nadharia ya utegemezi kama wimbo wa "wazungu walitumaliza" halafu anashuka kwa gari la mamilioni, jua anakuficha sehemu ya pili ya kitabu. Frank mwenyewe alionyesha kwamba mnyororo haukomei baharini: mji mkuu wa nchi maskini nao hunyonya mashamba yake. Nairobi ni kitovu cha Murang'a. Mimi na ile kapuchino yangu ya 350 nilikuwa sehemu ya mnyororo, ndiyo maana nilidanganya.

Swali la kuuliza

Mimi sitaki kujitenga na dunia. Msimamo wangu ni kwamba tujifunze kuuliza swali moja kwa kila mradi, kila mkataba na kila kiongozi atakayekuja kutuomba kura 2027: kazi inayolipa inabaki upande gani?

Ukiletewa mkataba wa madini, uliza yatasafishwa wapi. Ukiambiwa parachichi zetu zinapendwa Ulaya, uliza mafuta yatakamuliwa wapi. Ethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa yake yenyewe, kwa hivyo hata soko la dunia likianguka, kuna kikombe nyumbani. Sisi tunalima kahawa inayosifiwa duniani, halafu wengi wetu tumelelewa na chai ya maziwa. Sioni kwa nini kila kaunti ya kahawa isiwe na mahali pa kukaanga, na kafe ya kijiji ambapo kikombe ni cha bei ya mwananchi.

Na kama unadhani hii ni stori ya wazee wa shamba, angalia mkono wako. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana hapa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu na kuyawekea alama, ili programu za akili bandia zijue kuyaepuka. Wengine walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Programu zenyewe, hisa zake na mishahara yake mikubwa ziko California. Cheri imebadilika. Sasa inachumwa na macho yetu, kwa kompyuta, lakini inafungwa kwa gunia lile lile. Sisemi uache hiyo kazi kama ndiyo inakulisha. Nasema usikomee kuchuma. Jifunze kukaanga.

Mwezi uliopita nilirudi Murang'a na nikamwambia shosho ukweli. Nikamwambia si mia, ilikuwa 350. Nilidhani atakasirika. Alinyamaza kidogo, akamimina chai, kisha akauliza, "Na huyo anayeikaanga, alianza vipi?"

Sikuwa na jibu fupi. Lakini sahii tuna gunia moja la kahawa yake kwa nyumba yangu, sufuria nzito, na binamu yangu anayejua kuchora pakiti. Kundi la kwanza tuliliunguza. La pili shosho alisema linanuka moshi. La tatu alikunywa akamaliza, akaomba lingine.